Baada ya Pumzi Kurudi

Jioni ya leo nawapeleka mbali, mpaka mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, kule Marekani. Mji wenyewe uko ukingoni mwa mto Ohio, wakazi wake hawafiki 50,000, na nyuma yake kuna milima na mabonde ya wachimba makaa ya mawe ambao migodi yao mingi imeshafungwa. Tarehe 15 Agosti 2016, kuanzia alasiri mpaka magharibi, watu 26 walizidisha dozi katika mji huo na viunga vyake. Yote kwa muda wa saa nne tu hivi. Unga uliouzwa siku hiyo ulikuwa umechanganywa na dawa za jamii ya fentanili, zenye nguvu ya kuzima pumzi ya mtu kabla hajaitoa sindano mkononi. Ambulensi zilipishana barabarani, zimamoto wakaitwa, polisi wakaitwa, na karibu wote waliookotwa sakafuni, vyooni na ndani ya magari walirudishiwa uhai.

Ushindi mkubwa huo. Lakini wachunguzi wa afya walipoyafuatilia mafaili ya wagonjwa wa mkurupuko ule, walikuta jambo ambalo mimi halijanitoka kichwani tangu nilipolisoma: miongoni mwa wagonjwa hao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelekezwa kwenye huduma ya kutibu uraibu. Walizinduliwa, wakaangaliwa, wakaachiwa waende zao. Warudi wapi? Walikotoka.

Jioni hii, msikilizaji wangu, nataka tukae hapohapo, kwenye zile saa zinazofuata baada ya pumzi kurudi.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa yenyewe. Inaitwa naloksoni, wengi wanaijua kwa jina la kibiashara, Narcan. Ilipata kibali Marekani mwaka 1971, ikakaa mahospitalini miaka mingi, mpaka mwaka 2015 ilipoidhinishwa ile ya kupuliza puani. Tangu mwaka 2023 inauzwa madukani bila cheti cha daktari. Kazi yake ni kuuondoa unga kwenye vile vipokezi vya ubongo ulikojishikiza. Mtu aliyekuwa wa buluu midomoni, anayekoroma mkoromo wa kifo, dakika mbili tatu baadaye anavuta pumzi, anafumbua macho, anauliza mko nani ninyi.

Wengi wetu tungedhani ataamka na shukrani. Haiwi hivyo. Naloksoni inapoutoa unga ghafla, inamtumbukiza mtu kwenye arosto. Wasikilizaji wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Mifupa inauma, tumbo linakata, jasho na baridi kwa pamoja, kutapika, na kiu moja tu inayofunika akili yote: kupata kete nyingine. Anaamka na hasira, na aibu, na hofu ya askari aliyesimama mlangoni. Anaambiwa twende hospitali, anakataa. Wanampa karatasi ya kukataa huduma, anaweka sahihi, ambulensi inaondoka. Halafu kuna hatari iliyofichika: naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 mpaka 90, na dawa aliyotumia inaweza kudumu mwilini zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu yule aliyesimama mwenyewe, akajibu maswali, akatia sahihi, anaweza kuzama tena akiwa peke yake.

Watafiti wa Massachusetts waliwafuatilia wagonjwa 11,557 waliotibiwa katika vitengo vya dharura baada ya kuzidisha dozi. Ndani ya mwaka mmoja 635 walikuwa wamefariki. Kati ya hao, 130 hawakumaliza mwezi wa kwanza, na 29 hawakumaliza siku mbili. Siku mbili! Ugonjwa wa moyo ungekuwa na takwimu kama hizo, hakuna daktari ambaye angemruhusu mgonjwa wake aende nyumbani na karatasi yenye namba ya simu. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo analazwa, anaandikiwa dawa, anapangiwa tarehe. Mgonjwa wa uraibu anaambiwa ajitahidi.

Sasa hebu toka mjini, panda milimani. Huko mashambani mambo yanabadilika sura. Ukipiga simu ya dharura, anayekuja si lazima awe mwajiriwa mwenye mshahara. Vikosi vingi vya zimamoto vya vijijini Marekani vinaendeshwa na watu wa kujitolea: fundi magari, mwalimu, muuza duka. Kidude kinalia kiunoni akiwa mezani na watoto wake, anaacha chakula, anaendesha gari kwenye barabara nyembamba ya bondeni. Akifika anamkuta kijana aliyemfundisha darasani, au mtoto wa jirani yake, au binti aliyekuwa akisali naye kanisa moja. Hospitali yenye kitengo cha dharura iko mbali, mwendo wa saa nzima pengine, na basi la umma halipo. Kuhusu daktari wa kuandika dawa ya uraibu, mwaka 2017 zaidi ya nusu ya wilaya za vijijini nchini humo hazikuwa na hata mtu mmoja mwenye kibali cha kuandika dawa hiyo, buprenofini.

Watu wa mipango wakitazama hali hii huona upungufu mtupu. Mimi naona pia utajiri ambao mji mkubwa hauna. Yule mwokoaji wa kijijini anaijua nyumba. Anajua mbwa anafungwa wapi, anajua mama mkwe ndiye anayepokea simu, anajua kwamba kijana alianza vidonge vya maumivu baada ya kuumia mgongo mgodini. Mjini ambulensi inamwokoa mtu isiyemjua na haitamwona tena. Kijijini, Jumamosi watakutana dukani. Kama kuna mtu anayeweza kurudi kesho yake kugonga mlango ule bila kuonekana mgeni, ni huyu.

Na kurudi ndiko kunakookoa. Mwaka 2015, katika mji wa Colerain karibu na Cincinnati, jimbo la Ohio, zimamoto, polisi na watoa tiba ya uraibu walianzisha kikosi kidogo cha kuwafuata majumbani watu waliozidisha dozi, siku chache baada ya tukio. Wazo likaenea. Huntington, ule mji wa wale watu 26 waliozidisha dozi, ikaunda kikosi chake Desemba 2017. Wanatoka watu wachache pamoja: mhudumu wa ambulensi, mtaalamu wa tiba ya uraibu, askari polisi, na mtu wa dini. Lengo lao ni kumfikia mtu ndani ya saa 72. Wanagonga. Akifungua, wanajitambulisha, wanauliza hali. Hawaji na hotuba. Wanauliza: umekula? Umelala? Unataka tukusaidie nini leo? Akisema yuko tayari, wanampakia kwenye gari na kumfikisha wenyewe. Akisema hayuko tayari, wanamwachia naloksoni na namba ya simu, na wiki inayofuata wanarudi.

Mwaka 2018, simu za watu kuzidisha dozi katika wilaya ya Cabell, uliko mji wa Huntington, zilipungua kwa takriban asilimia 40 zikilinganishwa na 2017. Sitasema kikosi kile peke yake ndicho kilichofanya hivyo. Kulikuwa na kliniki mpya, naloksoni iligawiwa kwa wingi, mambo mengi yalikwenda pamoja. Ila nyuma ya hesabu hiyo kuna milango mingi iliyogongwa.

Naomba nikae kidogo kwenye swali la nani agonge, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Wataalamu wengi wanapenda sare na beji. Mtu mwenye arosto anapoona sare anaona pingu. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za kumlinda anayepiga simu ya kuokoa mtu aliyezidisha dozi, na West Virginia ilipitisha ya kwake mwaka 2015, lakini sheria iliyoko kitabuni haiondoi kumbukumbu ya kaka aliyekamatwa mwaka juzi. Baadhi ya vikosi huchungulia kwanza kwenye kumbukumbu za polisi kama mtu ana hati ya kukamatwa kabla ya kwenda kumtembelea. Kuna wanaofanya hivyo kwa nia njema, wakitaka wamsaidie kuimaliza kesi. Hata hivyo ikitokea mara moja tu kwamba ugeni wa kuulizia hali umeishia rumande, kijijini habari itafika kila nyumba kabla ya jua kuzama, na mlango hautafunguliwa tena kwa yeyote. Mimi nasema waziwazi: askari akienda, aende kiraia, na aende baada ya kila mmoja kujua kwamba leo hakamati mtu.

Anayefungua mlango ule kirahisi zaidi ni mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wake. Sisi hapa tunamwita mwelimishaji rika: mtu aliyetumia, akaacha, akafundishwa namna ya kumshika mwenzake mkono. Yeye hahitaji kueleza arosto ni nini. Anakaa kwenye ngazi ya veranda, anasema, hata mimi nililala kwenye kochi kama hili, na ghafla mazungumzo yanakuwa ya watu wawili badala ya ofisi na mteja. Rhode Island iliwaweka watu wa namna hiyo kwenye vitengo vya dharura tangu mwaka 2014. Wazanzibari wanaonisikiliza wanalijua hili vizuri, kwa sababu nyumba za upataji nafuu visiwani zimejengwa juu ya mabega ya watu waliopona wenyewe. Vijijini Amerika tatizo ni kwamba mtu wa aina hiyo huenda akawa mmoja kwa wilaya nzima, na gari lake bovu. Basi mlipeni, mpeni mafuta, na pale ambapo hawezi kufika aungane kwa simu ya video wakati mhudumu wa ambulensi bado yuko sebuleni. Dakika kumi hizo, kabla karatasi ya kukataa haijatiwa sahihi, zina thamani kuliko kikao cha mwezi ujao.

Na kuna swali moja dogo ambalo kila mwokoaji anaweza kuliuliza, awe amesomea au hajasomea: "Je, unaruhusu mwenzetu mmoja akupigie au aje kesho?" Lazima liulizwe, tena liandikwe, kwa sababu siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, na Marekani sheria za kumbukumbu za tiba ya uraibu ni kali kuliko za magonjwa mengine. Wapo waokoaji walioacha kupeleka majina kokote kwa kuogopa kuvunja sheria. Ruhusa ya mdomo inayofuatwa na sahihi inakata fundo hilo. Ila swali liulizwe kwa sauti ya chini, baada ya blanketi na maji ya kunywa, si huku mtu anafanyiwa vipimo na majirani wamejaa dirishani.

Tuseme amekubali. Anapelekwa wapi? Mipango mingi mizuri huzama hapa. Kumwelekeza mtu kwenye kliniki iliyo kilomita 90, yenye nafasi baada ya wiki tatu, ni sawa na kumwambia akafie huko mbele. Arosto haisubiri wiki tatu, haisubiri hata magharibi. Kwa hiyo dawa lazima iwe karibu, na ipatikane wakati ule ule. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Yale walilinganisha: wagonjwa walioanzishiwa buprenofini palepale kwenye kitengo cha dharura, asilimia 78 walikuwa bado kwenye tiba baada ya siku 30. Walioelekezwa tu mahali pa kwenda, asilimia 37. Tofauti hiyo haikuletwa na tabia njema ya wagonjwa. Ililetwa na kidonge kilichowekwa chini ya ulimi siku ile.

Mwaka 2019 New Jersey ilikwenda hatua nyingine: ikaruhusu wahudumu wa ambulensi kutoa buprenofini hapohapo, baada ya naloksoni, arosto ikiwa bado imemkaba mtu. Fikiria maana yake kwa bonde lisilo na daktari. Yule yule aliyekuja na pumzi anakuja pia na utulivu. Mtu anatulia, mwili unaacha kumpigia kelele, na kwa mara ya kwanza anaweza kusikia anachoambiwa. Mwisho wa 2022 Marekani iliondoa kile kibali maalumu ambacho madaktari walikuwa lazima wakitafute kabla ya kuandika dawa hiyo, na tangu janga la korona mgonjwa ameweza kuanzishiwa kwa njia ya simu. Vizuizi vikubwa vya kisheria vimeanguka. Vilivyobaki ni vya moyoni: daktari wa kijiji anayesema sitaki watu wa namna hiyo kwenye baraza langu, mfamasia asiyeagiza dawa kwa sababu hataki foleni yao. Mtu akitembea kwa taabu mpaka dirishani halafu akaambiwa dawa hakuna, usimlaumu akirudi kwa muuza unga, ambaye dirisha lake halifungwi.

Dawa nyingine ya uraibu, methadoni, nayo inafanya kazi, tena kwa wengi inafanya kazi zaidi. Katika utafiti mwingine wa Massachusetts, watu walionusurika kuzidisha dozi wakaanza methadoni vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 59. Wa buprenofini, pungufu kwa asilimia 38. Na bado ni kama watu 3 tu kwa kila 10 waliopata dawa yoyote ya uraibu ndani ya mwaka uliofuata tukio. Lakini methadoni ina sharti la kliniki maalumu, na mwaka 2007 West Virginia ilipiga marufuku kufungua kliniki mpya za aina hiyo. Wanaoishi bondeni huamka usiku wa manane kuendesha gari, wanywe dozi, wawahi kazini.

Hapo moyo wangu unarudi nyumbani. Methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na nawaheshimu mno walioianzisha. Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kunywa dozi yake, mwezi mzima. Tulitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, daladala ya kwanza, daladala ya pili, foleni, kikombe kidogo, nesi anamwangalia mpaka ameze na aseme neno ili ijulikane ameshameza. Kisha safari ya kurudi. Binamu hakuwa mvivu. Siku alizokosa ni siku nauli ilipokosekana. Tangu mwezi ule, nikisikia mtu akisema fulani "kaacha tiba", nauliza kwanza anakaa wapi. Na neno lile la mtaani, teja, nimeliacha. Binamu yangu ana jina.

Ndiyo maana nawaelewa sana wale wahudumu wa vijijini wanaomaliza kila kitu kwa kuuliza: atafikaje? Wilaya zilizofanikiwa ni zile zilizokuwa na jibu la swali hilo. Mahali pengine dereva wa kanisa, pengine gari la kikosi chenyewe, pengine sindano ya buprenofini inayodumu mwezi mzima ili mtu asisafiri kila siku. Na wamejifunza kutazama ramani pia. Tangu mwaka 2017 kuna mfumo unaoitwa ODMAP unaomwezesha mwokoaji kuingiza kila tukio kwenye simu yake, na shehena mbaya ikipita barabara kuu, wilaya jirani inaonywa kabla haijafika kwao.

Bado sijawasema waokoaji wenyewe, na nao ni watu. Yule fundi magari wa kujitolea akimzindua kijana yule yule mara ya nne, kitu ndani yake huanza kuganda. Anasema maneno mabaya, kisha anajichukia kwa kuyasema. Ndoto zinamfuata. Wengi wanaacha kikosi kimyakimya. Jan Rader, aliyeshika ukuu wa zimamoto wa Huntington mwaka 2017 na kuonekana na dunia nzima katika filamu ya "Heroin(e)", alilipigania sana suala la mioyo ya watu wake, na mwaka 2018 mji ule ulishinda tuzo ya dola milioni 1 ya kuweka washauri wa afya ya akili ndani ya vikosi vya waokoaji. Nadhani kuna tiba nyingine isiyogharimu kiasi hicho. Mwokoaji huwaona watu wale siku yao mbaya kuliko zote, na hawaoni tena. Akipona mmoja, habari haimfikii. Kikosi kinachorudi majumbani humletea habari: yule wa barabara ya mtoni, yule uliyempulizia mara mbili, ana miezi sita sasa, anafanya kazi kwenye karakana ya matairi. Mtu aliyepata habari kama hiyo hukimbia kwa moyo mwingine kidude kikilia tena.

Sitaki muondoke na picha ya milango inayofunguka kila siku. Mara nyingi hakuna anayefungua. Wanapanda kilima, wanaegesha mbali kidogo ili majirani wasiulize, wanagonga, wanasubiri. Ndani kuna sauti ya redio, pazia linatikisika. Wanaongea na mlango uliofungwa, taratibu, wanataja majina yao, wanasema hatujaja kukamata mtu, tulitaka tu kujua umeamkaje. Kimya. Wanaweka pakiti ya Narcan juu ya kiti cha verandani, na kadi yenye namba ya yule mwenzao aliyepona, imeandikwa kwa mkono. Wakirudi garini mmoja anafungua daftari: hakufungua, yuko ndani, taa ya jikoni inawaka. Chini yake anaandika siku ya kurudi, Alhamisi.